Godoro juu ya mchomoko: nani anampokea mtaalamu mgeni Kagera?

Ajira mpya zikitoka, wa kwanza kujua Muleba ni vijana wa bodaboda pale stendi. Humtambua abiria wao kabla hajatia mguu chini: kijana wa miaka ishirini na kitu, begi la magurudumu lisilo na faida kwenye njia ya mawe, godoro la futi tatu na nusu lililokunjwa na kufungwa kamba ya katani, na bahasha ya kaki aliyoibana kwapani kana kwamba mvua yote ya Kagera imetumwa kuitafuta hiyo bahasha. Ndani yake mna barua ya kupangiwa kituo, vyeti na picha ndogo nne. Godoro litapandishwa juu ya mchomoko, zile gari ndogo zinazopakia watu tisa mahali pa watano, na safari ya kwenda kuripoti itaanza. Kijana hajui neno hata moja la Kihaya, hajui kituo chake kiko umbali gani kutoka kwenye lami, wala hajui atalala wapi. Ameajiriwa na Serikali ya Jamhuri ya Muungano, ila usiku huo hana mwenyeji.

Tukisikia habari za wataalamu wanaohama, akili zetu hukimbilia viwanja vya ndege: muuguzi anayekwenda Ujerumani, mhandisi anayekwenda Canada. Mwalimu wa Fizikia aliyetoka Mbeya kwenda kufundisha kisiwani Goziba hatumhesabu kuwa mhamiaji, kwa sababu bendera haikubadilika njiani. Lakini vingine vyote vimebadilika. Lugha ya jirani ni nyingine, chakula ni kingine, mvua ni nyingine, hata namna ya kujenga kijiji ni nyingine. Bukoba iko karibu na Kampala kuliko ilivyo karibu na Dodoma. Aliyekulia Newala akashukia Nshamba amesafiri mbali kuliko Mganda aliyevuka Mutukula asubuhi na kunywa chai ya saa nne Bukoba mjini.

Na wageni hawa si wachache. Aprili 2023 Serikali ilitangaza kwa mkupuo mmoja nafasi 21,200, walimu 13,130 na watumishi wa afya 8,070, kwa nchi nzima. Kagera ilipata fungu lake, na katika Kagera wilaya yenye watu wengi kupita zote ni Muleba, iliyohesabiwa watu zaidi ya laki sita katika sensa ya 2022. Watu wengi maana yake madarasa mengi na zahanati nyingi, na maana yake magodoro mengi juu ya michomoko.

Niseme mapema kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwa yule kijana. Nilitoka Tanga, nikapanda meli Mwanza jioni, nikaamkia Kemondo alfajiri ukungu ukiwa umelala juu ya ziwa, na kufika mchana nikawa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikiwa mtu wa kumi na moja kwenye benchi. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinampa mwajiriwa mpya nauli ya kwenda kituoni na posho ya kujikimu kwa siku za mwanzo. Nilikuwa nimezisoma kanuni hizo kwa bidii kuliko nilivyosoma somo lolote chuoni. Karani alipokea nakala zangu, akazigonga mhuri, akaniambia fedha bado, nenda kituoni, tutakupigia simu. Simu ilipigwa mwezi wa pili.

Hapo katikati nililala kwa mwalimu mkuu. Si katika nyumba ya shule, kwa maana shule ilikuwa na nyumba moja tu na hiyo moja ndiyo aliyokaa yeye. Nilipewa chumba cha wanawe, wanawe wakahamia sebuleni, na kwa wiki tatu mke wake alinipikia, akanionyesha kisima, akanifundisha ni siku gani gulio liko wapi, akanionya nisimkopeshe nani, akanitafutia chumba cha kupanga na akasimama mbele ya mwenye nyumba kunidhamini, kwa sababu mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita na mimi nilikuwa na ya mwezi mmoja. Katika nchi nyingine kazi hiyo ina ofisi, ina bajeti, na ina watu wenye vitambulisho shingoni. Muleba idara ya mapokezi ilikuwa ni mke wa mwalimu mkuu, na hakuna aliyemlipa hata gharama ya mkaa.

Nimezungumza na walimu na wauguzi wengi tangu siku zile, na ukiwauliza habari za kuripoti hawaanzi na mshahara wala na mtaala. Wanaanza na mtu. Mmoja atamtaja mtendaji wa kijiji, mwingine mwinjilisti, mwingine mama muuza maandazi. Wanaokosa mtu wa kumtaja ndio wale ambao mwaka wa pili huwakuti.

*

Upweke wa Kagera una umbo lake, na hauelezwi kwenye barua ya kupangiwa kituo. Mtu wa pwani au wa Dodoma amezoea kijiji kuwa nyumba zinazotazamana: ukifungua dirisha unamwona jirani anaosha vyombo. Uhayani kijiji ni migomba. Kila kaya imejificha ndani ya kibanja chake, migomba na mibuni imeizunguka pande zote, na kati ya nyumba na nyumba kuna kijia chembamba ambacho mgeni hupotea hata mchana. Unasikia mtu akicheka na humwoni. Unasikia redio na hujui iko upande gani. Jioni giza huingia mapema chini ya majani, na asubuhi unagundua kwamba yale mawe yaliyojengewa hatua chache kutoka mlangoni ni makaburi ya wazee wa ukoo, kwa kuwa Mhaya huzika kibanjani. Kwa mwenyeji hilo ni jambo la heshima na la usalama wa ardhi, kwamba ukoo uko hapa na utaendelea kuwa hapa. Kwa binti wa miaka ishirini na mitatu aliyetoka Singida, akiwa peke yake usiku wa kwanza na mvua ikipiga bati, ni jambo la kumpigia mama yake simu.

Na mvua hiyo si ya mchezo. Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikishuka asubuhi pamoja na radi kutoka ziwani. Darasa lisilo na dari, mvua ikianza, mwalimu huandika ubaoni na kunyamaza mpaka iishe. Hakuna chuo cha ualimu kinachofundisha mbinu hiyo. Unafundishwa na mwalimu wa darasa la pili kwa ishara za mikono.

Halafu kuna salamu. Mtu wa pwani ana shikamoo na marahaba, na akiwa nazo hizo anajiona kamaliza adabu zote za dunia. Salamu za Kihaya hubadilika kwa saa, kwa umri, kwa mwanamume na mwanamke, na kwa muda mliokaa bila kuonana. Nilipojifunza “wasibota” nikaitumia asubuhi kwa bibi mmoja aliyekuwa akianika kahawa. Alinitazama kwa huruma kubwa, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa shati kinyumenyume, akaniingiza ndani na kunipa akamwani: buni zilizochemshwa na majani ya viungo na kukaushwa, ambazo mgeni hupewa atafune. Sikujua kama zinatafunwa, zinamung'unywa au zinatiwa mfukoni. Nilizimeza nzima. Habari hiyo ilifika shuleni kabla yangu.

Nacheka sasa. Lakini tangu siku ile niliacha kuwa mnyamahanga, mgeni asiye na jina, nikawa yule mwalimu aliyemeza akamwani. Kijiji hakimpokei mtu asiye na hadithi.

*

Kuna kejeli katika haya yote. Wahaya ndio waliopewa jina la utani la nshomile, yaani “nimesoma”, na kwa zaidi ya miaka mia moja Kagera imekuwa ikitoa wataalamu kwenda kwingine. Laurean Rugambwa, aliyesoma seminari ya Rubya, alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960. Anna Tibaijuka, mtu wa Muleba, aliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kuanzia 2000 hadi 2010 kabla ya kurudi kuwa mbunge wa Muleba Kusini. Yaani wilaya hii ilitoa mtu wa kuielekeza dunia nzima namna ya kukaa vizuri mijini na vijijini, na bado mwalimu mgeni hana pa kulala Kyebitembe.

Lakini Kagera pia imekuwa ikipokea tangu zamani. Speke na Grant walipofika Karagwe mwishoni mwa 1861, Mukama Rumanika aliwaweka na kuwalisha kwa miezi. Grant, aliyekuwa akiugua kidonda cha mguu, alibaki pale hata mwenzake alipotangulia Buganda. Mji wenyewe wa Bukoba ulianza kama boma mwaka 1890, na aliyelianzisha, Emin Pasha, alikuwa daktari mzaliwa wa Silesia aliyekwishabadili jina, dini na mwajiri zaidi ya mara moja. Ukipenda unaweza kusema mji huu uliasisiwa na mtaalamu mhamiaji, ingawa huyo hakusubiri kupokelewa na mtu. Miaka miwili baadaye, baada ya vita vya Mengo, Wakatoliki wa Buganda waliokimbia pamoja na Askofu Hirth na mapadre wake walifika upande huu, na misheni ya Kashozi ikaanza mwaka 1892. Waganda wale walijua kusoma na kuandika, na ujuzi huo walikuja nao kichwani. Wasomi wa mwanzo wa Uhayani walifundishwa na wakimbizi.

Ila ninayemfikiria zaidi ninapopita Kashasha ni mwalimu mmoja wa Kiswidi. Wasomaji wengi wakisikia Kashasha hukumbuka ugonjwa wa kucheka uliozuka shuleni pale tarehe 30 Januari 1962, wasichana 95 kati ya 159 wakashikwa, shule ikafungwa, na wataalamu wa dunia mpaka leo hawachoki kuuandika. Mimi hukumbuka kwamba shule ile ya wasichana ilikuwa ya Barbro Johansson. Alizaliwa Malmö mwaka 1912, akaja Tanganyika mwaka 1946 kufundisha, na hakurudi kama wanavyorudi waliokuja kwa mkataba. Mwaka 1959 aliingia Baraza la Kutunga Sheria kupitia Mwanza akiungwa mkono na TANU, mwaka 1962 akachukua uraia wa Tanganyika, baadaye akaongoza shule ya wasichana ya Tabora, na watu wakamwita Mama Barbro mpaka alipofariki mwaka 1999. Leo ipo shule ya wasichana yenye jina lake nje kidogo ya Dar es Salaam.

Kilichomfanya mtu kama yule akae, wakati kijana wa Iringa anaomba uhamisho ndani ya miezi minane, sidhani ni moyo peke yake. Tumezoea kusema wamisionari walikuwa na wito, tukamaliza. Wito ulikuwepo. Lakini misheni zilikuwa na kitu kingine ambacho hatukisifu kwa sababu hakina utukufu: mgeni alikuta nyumba ina kitanda, akapewa muda wa kujifunza lugha kabla hajakabidhiwa kazi, na akakuta watu waliomtangulia ambao kazi yao moja ilikuwa kumwelekeza. Hayo ni mambo ya stoo na ya ratiba, na yanaweza kufanywa na mtu asiye na wito wowote.

Nenda Ndolage, hospitali ya Walutheri pale juu Kamachumu, au Rubya ya Wakatoliki. Utaona mantiki hiyo bado imesimama katika majengo. Wodi ziko hapa, nyumba za watumishi ziko uwanja uleule, kanisa lile pale, na nyumba ya wageni haiko mbali. Daktari aliyetoka Ulaya kwa miaka miwili na daktari aliyetoka Muhimbili kwa mafunzo wanaamka na kwenda kazini kwa miguu. Akiitwa saa nane usiku kwa mama aliyeshindwa kujifungua, hahitaji bodaboda. Shida zao wanazo nyingi, kuanzia fedha mpaka dawa, na wauguzi wengi waliofunzwa kwenye vyuo vya hospitali hizi huondoka kufuata mshahara wa Serikali. Lakini sijasikia mtumishi wao aliyelala wiki tatu kwenye chumba cha watoto wa mtu.

Serikali nayo ilikuwa na kota. Wazee wanazikumbuka: nyumba za matofali zenye bati jekundu, namba imeandikwa mlangoni, na orodha ya vitu vilivyomo imesainiwa, kitanda kimoja, meza moja, viti viwili. Shule zikaongezeka, zahanati zikaongezeka, kota zikabaki zilezile au zikauzwa, na neno lenyewe likageuka la historia. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ililiona pengo hilo katika afya, ikawa inapeleka watumishi wilaya za pembezoni na kuwajengea nyumba. Halafu Bukoba ikapata pigo lake. Alasiri ya Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika, watu wasiopungua 17 wakafa, maelfu ya nyumba zikapasuka au kuanguka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kufungwa. Ihungo ilijengwa upya na leo inapendeza kuitazama. Nyumba za kupanga za watu wa kawaida, zile ambazo wageni ndizo wanazokimbilia, zilikarabatiwa na wenyewe, kwa kasi ya mfuko wa kila mmoja.

*

Mjini mambo ni mepesi, sitakaa sana hapo. Anayepangiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bukoba atapata chumba Kashai, Hamugembe au Rwamishenye ndani ya siku mbili, atapata watu wa kwao, atapata kanisa au msikiti wake, na atalalamikia bei ya samaki kama kila mtu anayekaa kando ya ziwa.

Visiwani ni habari nyingine. Muleba ina Bumbire, Ikuza, Kerebe, Mazinga na Goziba, na kote huko kuna shule, na kuna wagonjwa. Mwalimu wa bara ya Muleba anaweza kupotea njia kwenye migomba. Wa kisiwani anaweza kukosa njia kabisa kwa sababu ziwa limechafuka. Mitumbwi ya injini huondoka kwa saa za dagaa, si za ofisi. Kambi za wavuvi huhama kwa kufuata samaki, na wanafunzi huhama nazo, kwa hiyo daftari la mahudhurio lililojaa mwezi wa pili linaweza kuwa na mapengo mwezi wa tano, bila mtoro hata mmoja. Chumba kinapangishwa kwa bei ya mvuvi aliyetoka kuuza, ambayo si bei ya mtu anayesubiri cheki namba. Mshahara utaingia benki. Kuutoa kunategemea wakala ana fedha siku hiyo au hana. Mtu aliyekulia Dodoma, asiyejua kuogelea, anapanda mtumbwi mara ya kwanza maishani mwake akiwa ameshika vyeti vyake. Nani alimwandaa? Jaketi la kuokolea si sehemu ya barua ya ajira, na kwa maoni yangu lingepaswa kuwa.

Watu wa Bukoba hawahitaji kukumbushwa habari za ziwa. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakafa. Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba, wakafa 19 kati ya 43, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi. Anayekwenda kisiwani kufundisha anajua yote mawili.

Watumishi wa afya wana jambo lao zaidi. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani Bukoba. Mpaka ulipotangazwa kumalizika tarehe 2 Juni walikuwa wamehesabiwa wagonjwa tisa, sita wakafa, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwao. Fikiria wewe ni tabibu uliyeripoti miezi mitatu iliyopita. Hujathibitishwa kazini, uko kwenye mwaka wa majaribio, hujajua bado ni mtendaji gani anapokea simu usiku, na kila jioni nyumbani wanapiga kuuliza kama umeshaomba ruhusa ya kurudi. Wenyeji wa kituo walikuwa na ndugu wa kuwapelekea chakula karantini. Mgeni alikuwa na wenzake wa zamu.

*

Kuna pia wageni ambao bendera yao ilibadilika kweli. Shule binafsi za Kagera, hasa zile za Kiingereza, kwa miaka mingi zimekuwa na walimu kutoka ng'ambo ya Mutukula. Ukabila na lugha haviwapi taabu. Mnyankole na Mhaya wanaelewana wakiongea polepole. Taabu yao ni makaratasi. Tangu sheria ya ajira za wasio raia ya mwaka 2015, mwalimu wa aina hiyo anahitaji kibali cha kazi kwanza, kisha kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Wamisionari na wanaojitolea wao wana daraja C. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010 na kuahidi watu wenye ujuzi watazunguka kwa urahisi, lakini kila nchi ilichagua milango ipi ifungue na kwa kiasi gani, na mwalimu wa Mbarara anajua mlango wake una kizingiti. Mwaka 2013, operesheni ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali ilipopita Kagera, Kigoma na Geita, hata mwenye kibali halali alitembea nacho mfukoni kwenda dukani.

Linganisha na Mhaya anayekwenda Ujerumani leo. Tangu 2005 nchi hiyo ina mafunzo rasmi kwa wageni: saa 600 za lugha na 100 za kuijua nchi, sheria zake na desturi zake. Canada hulipia madarasa ya bure ya Kiingereza na Kifaransa kwa wakazi wapya, na ipo ofisi ambayo mgeni anaingia kuuliza namna ya kuandikisha mtoto shule. Sisemi huko ni peponi; wapo wahandisi wa Kiafrika wanaoendesha teksi Toronto kwa sababu vyeti vyao havikutambuliwa. Huko mtu hupokelewa vizuri na ujuzi wake ukaachwa mlangoni. Kwetu Muleba ujuzi hupokelewa siku hiyohiyo, kwa vipindi ishirini na nane kwa wiki, na mwenye ujuzi ndiye anayebaki mlangoni.

Serikali ina mafunzo elekezi kwa watumishi wapya, na ni mazuri kwa yale yaliyomo: maadili, likizo, nidhamu, jinsi ya kuandika barua. Hayasemi neno juu ya mwenye nyumba. Hayasemi nani akusindikize usiku ukiugua. Baada ya hapo mtumishi anatakiwa akae kituoni miaka mitatu kabla ya kuomba kuhama, naye huanza kuhesabu siku kama mfungwa. Makundi ya simu yamejaa matangazo ya kubadilishana: nipo Muleba, natafuta wa Kilimanjaro, nipo Muleba, natafuta popote. Hilo “popote” huniuma, kwa sababu najua kuna wengine, wa umri uleule na mshahara uleule, waliooa huku, wakanunua kibanja huku, na senene zikianguka Novemba wanatoka na taa kuwahi kabla ya wenyeji. Tofauti yao na yule wa “popote” mara nyingi ni mwezi wa kwanza.

Na mwezi wa kwanza haugharimu mabilioni. Posho ikitumwa kabla mtu hajapanda basi, mwenye nyumba hana la kusema. Kila kata ikitenga chumba kimoja chenye kitanda kwa ajili ya anayeripoti, watoto wa mwalimu mkuu watalala kitandani kwao. Mtu mmoja kwenye kila shule akipewa jina la mwenyeji, na fedha ndogo ya mkaa na sukari, kazi itaendelea kufanywa kama inavyofanywa sasa, ila haitategemea bahati ya kumkuta mtu mwema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujenga kampasi yake Itahwa, kata ya Karabagaine. Wahadhiri watakuja na familia zao. VETA ipo Burugo. TARI Maruku wako watafiti wanaopambana na mnyauko wa migomba. Wote hao watamuuliza mtu fulani maji yako wapi.

Nilikaa Muleba miaka minne. Siku niliyoondoka, mwalimu aliyekuja kushika vipindi vyangu alikuwa amefika jana yake kutoka Songea, na alikuwa amelala kwa mwalimu mkuu. Watoto walikuwa sebuleni. Nilimchukua tukakatiza migombani mpaka kwenye chumba nilichokuwa nimepanga. Njiani tulimpitia bibi wa akamwani, akamtazama, akanitazama mimi, akaingia ndani kuleta kikapu kidogo. Nilimwachia mgeni jiko la mkaa, ndoo mbili, namba ya mwendesha bodaboda asiyezima simu usiku, na deni langu dogo la sukari dukani, ambalo nililipa hapohapo mbele yake ili amjue muuza duka. Kisha nikamwonyesha pembe ya chumba ambapo bati linavuja, asije akaweka godoro pale.